Digidigi na Kijaluba cha Dhahabu

Ngano naja nayo!
Njoo nayo, tumekaa!
Ina pembe!
Ituchome!

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Fisi alishikwa na tumbo. Alikuwa amekula ngozi ya ngoma pamoja na ngoma yenyewe, sasa tumbo linalia: ndu! ndu! ndu!

Fisi hakuogopa. Shingoni alivaa kijaluba cha dhahabu, urithi wa babu wa babu yake, kimetobolewa vitundu kama chujio, na ndani yake mna jiwe la dawa. Akiumwa, hulikwangua jiwe, kwaru kwaru, hutia unga wake kwenye uji, hunywa, hupona. Siku hiyo akakifungua. Kitupu!

"Nani kaniibia?"

"Umelimaliza mwenyewe, Mheshimiwa, kwa kulikwangua," akasema Kunguru, mganga wake msomi. "Usihofu. Mawe haya hukua tumboni mwa swala wadogo."

Mara Digidigi akapita, ti-ti-ti, swala mdogo kuliko mbuzi. Kap! Fisi akamdaka.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Tumboni mwako mna jiwe langu. Kunguru, lete kisu!"

Digidigi akasimamisha masikio. "Mjomba, taratibu! Jiwe likionja damu hugeuka sumu. Babu yako hakukwambia? Kijaluba kina mlango, na tumbo langu lina mlango. Jiwe hupita mlangoni, kama mgeni mwenye adabu."

"Lipite basi!"

"Lina haya, Mjomba. Nipe kijaluba, ugeuke."

Fisi akageuka. Kunguru naye akageuka.

Sasa, digidigi hawajisaidii ovyo. Ukoo mzima una jaa lake moja, na jaa lilikuwa pale pale nyuma ya kichaka. Digidigi akachagua punje kavu, nyeusi, zenye kung'aa. Akazitia kijalubani, akafunga, akatikisa: chaka chaka chaka!

"Mbona madogo?" akauliza Fisi.

"Limekuja na ndugu zake."

"Mbona yananuka?"

"Mjomba! Dawa gani isiyonuka?"

Kwaru kwaru, Fisi akakwangua. Kunguru akaonja kwanza, akafumba macho, akatafakari. "Ladha ile ile ya jiwe la babu!" akaapa.

Fisi akanywa uji, glu glu glu. Tumbo likanguruma, likasokota, likafunguka. Fisi mbio kichakani! Aliporudi, ngoma yote ilikuwa imetoka.

"Nimepona!" akacheka. "We kibete, kuanzia leo hakuna wa kukugusa. Kila siku utaniletea mengine, mapya!"

Ngano yangu imechoka, anayeitaka aibebe mgongoni. Funzo lake ni hili: watoto, waaminini wasomi, na mkubwa akitaka kilicho tumboni mwenu, msimnyime.

Na Digidigi? Kesho yake asubuhi, umande haujakauka, aliamka akala majani ya kuwashibisha wawili.