Mtoto Aliyeruka Mbele ya Jumbe

Kisa kinabisha hodi! Itikieni basi: "Kipite!" Haya. Na wewe unayejikuna huko nyuma, jikune tu, sikukatazi.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, watu wa Ngambwa waliamini kwamba elimu humwagika mtoto akitikisika. Basi kila mtoto darasani alipakatishwa bakuli la maji. Tone likidondoka, fimbo! Watoto wakakaa, wakakaa, wakakaa kama magogo, na hesabu wasiijue.

Mwalimu wao, Bi Mashavu, alichoka kuwachapa. Akawa anawatoa uani kwa siri, wanaruka huku wanahesabu. Kwenda mbele ni kuongeza, kurudi nyuma ni kutoa. Wakajua, wanangu, wakajua kweli! Lakini aliyevunja mila alifukuzwa mjini, asirudi hata kuzika wazazi wake. Naye Bi Mashavu alikuwa na mama mgonjwa kitandani.

Siku ya siku, Jumbe Kitwana akaja na watu wake kuwapima. Mabakuli mapajani, kimya.

"Wewe, Mwatime. Nane, toa tatu."

Binti akafumba macho. Bi Mashavu akaona vidole vya miguu yake vinachezacheza, akajua jibu analo, ila limemkaa miguuni. Akinyamaza, mtoto atachapwa bure. Akisema, mama yake atamwacha na nani?

"Mjinga huyu," Jumbe akasema, akainua fimbo.

"Ngoja, Jumbe! Mwatime, mwanangu, simama uruke!"

Lahaula! Bakuli chini, maji chwaa! Mtoto akaruka mbele, moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akarudi nyuma: saba, sita, tano.

"Tano, Jumbe!"

Watu wakashika vinywa. Jumbe akafura kwa hasira.

"Umevunja mila, mwanamke we! Funga virago vyako! Mjukuu wangu Makame hajamwaga hata tone tangu aanze. Makame, waonyeshe. Nane, toa tatu."

Makame hakutikisika.

"Makame!"

"Babu, usinisemeshe," mtoto akanong'ona, machozi yakimtiririka. "Yatamwagika."

Jumbe akamtazama, akamtazama. Hasira ikamwisha, akaona aibu. Akampokonya lile bakuli kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda karuke na wenzako," akasema. "Mwalimu, rudi kwa mama yako. Kesho uje ufundishe."

Basi siku mkiwa na watoto wenu, msiwafunge miguu mkidhani mnawafungua akili.

Kisa kimeaga, kimekwenda zake. Nanyi inukeni, mmekaa mno!