Hodi ya Kwenye Televisheni

Sogeeni, ngano inapita. "Ipite tuione."

Zimwi lilikaa ndani ya televisheni. Kila jioni lilipiga hodi kwa sauti tamu, na aliyeitika "Karibu" lilimmeza. Lilimmeza babu, likammeza shangazi, na mama, macho kwenye kioo, hakugundua.

Binti yake Mwatumu aliliona. "Mama, leo usiitikie."

"Mgeni asijibiwe? Ndivyo nilivyokulea?"

"Hodi," likasema zimwi. Mama alipofungua mdomo, Mwatumu akamtia tonge la ugali. "Hodi." Akamtia la pili. "Hodi." Akamtia la tatu, kubwa kama ngumi.

Mgeni asiyejibiwa mara tatu huondoka, tena haondoki na cha watu. Zimwi likawatapika wote wawili, likaenda zake.

Babu akajifuta uso. "Na tonge langu liko wapi?"

Ngano naitua hapa, aitakaye aibebe.