Kompyuta Mgonjwa ya Bi Mashavu

Bi Mashavu alisimamia kompyuta mia tisa za shirika moja la bima, zote zikitumia mfumo endeshi wa Linux. Siku moja Bwana Lukindo, wakala wa kampuni kubwa ya msaada wa kompyuta, alimletea mkataba.

"Linux ni ya bure, msaada wetu si wa bure," alisema. "Mtalipia kila kompyuta. Isiyolipiwa hatuigusi."

Bei ya zote ingemeza mishahara ya mafundi watatu wa Bi Mashavu.

"Na iliyolipiwa?" aliuliza.

"Hiyo tutaitibu hata ikiugua kila siku."

"Basi tutalipia moja tu, hii ya mezani kwangu."

Lukindo alicheka, akatia sahihi.

Mwaka ulipokwisha alirudi amekonda. "Mama, kompyuta yako imeugua mara mia nne. Ina nini?"

"Haina kitu," alijibu Bi Mashavu, akimmiminia chai. "Nyingine yoyote ikiugua, ugonjwa wake nauhamishia kwenye hii. Mkishaiponya, dawa hiyohiyo nazipa zote."

Lukindo aliufungua mkataba, akausoma polepole. Ulikuwa umebakiza miaka minne.