Vibuyu vya Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, huo ni mwayo. Na wakubwa waitikie, hasa nyinyi akina baba mlioegemea ukuta, maana leo nina neno lenu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya zamani, wanyama walipokuwa wakiposana na kukaa matanga kama sisi, palikuwa na jabali katikati ya nyika. Chini nyasi, juu mawe. Kwenye mawe palikuwa na ufa, na ndani ya ufa ilikaa nyumba ya pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo, mnene, asiye na mkia, anayeota jua juu ya jiwe asubuhi nzima. Ndiye huyo. Alikuwepo Bwana Pimbi na mkewe Bi Pimbi. Walikuwepo na mabinti zao wawili. Mkubwa alikwisha fika umri wa kuolewa. Mdogo, Chausiku, alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka.

Bi Pimbi alikuwa na jambo lake. Alipokuwa mtoto, moto wa nyika uliwafungia pangoni, akamwona mama yake mzazi akilamba jiwe apate unyevu. Hakusahau. Alipopata nyumba yake mwenyewe, akatenga pembe moja, ndani kabisa, akaiita pembe ya siku mbaya. Akatundika vibuyu viwili vya maji, vimezibwa kwa nta. Akaweka kikapu cha kunde na mizizi iliyokaushwa. Akaweka vitambaa vya kulowesha na kufunga puani moshi ukija. Akaweka majani ya kumtibu aliyeungua. Mwezi ukiandama, anamwaga maji ya zamani, anakwenda kijitoni, anatia mapya mpaka pomoni, anaziba. Mwezi ukiandama tena, anamwaga, anakwenda, anatia, anaziba. Na kijito kilikuwa mbali, msidhani ni hapo mlangoni.

Majirani walimcheka. Kanga, aliyekaa chini ya jabali, alikuwa akipita na wanawe mstari mmoja, akiimba:

Bi Pimbi aita moto, kekere!
Moto haujaja, aita, kekere!
Maji ya nini pangoni, kekere?
Uchuro, uchuro, kekere kekere!

"Jirani, unachuria," Kanga akamwambia siku moja. "Ukiuwekea msiba maji, msiba unaona umeandaliwa kiti. Unakuja kukaa."

"Msiba hauna haja ya kiti, shoga," Bi Pimbi akajibu. "Unakaa hata chini."

Kanga akacheka, kekere kekere, akaenda zake. Na ninyi msicheke sana. Nani hapa nyumbani kwake ana mshumaa mkavu na kiberiti anachojua kilipo? Nani? Kimya. Haya, tuendelee.

Sasa ilikuwako desturi pale jabalini. Mgeni wa posa haambiwi hakuna. Akifika, anaoshwa miguu. Akioshwa, anakula. Akishiba, ndipo anasema kilichomleta. Nyumba ikimwambia hakuna, habari inazunguka nyika nzima, na binti anazeekea kwao.

Siku moja ya kiangazi, Bi Pimbi na binti yake mkubwa walikwenda ng'ambo ya nyika kumuuguza dada yake Bi Pimbi. Nyumbani akabaki Bwana Pimbi na Chausiku. Jua limesimama utosini. Majani yamekauka, ukikanyaga yanalia kacha, kacha. Mara wakasikia:

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Nyani, mshenga wa nyika yote. Sauti kubwa, tumbo kubwa, haya hana. Nyuma yake walikuja wazee wa pimbi wa jabali la pili, wamechoka, ndimi nje.

"Karibuni, karibuni wazee wangu!" Bwana Pimbi akasema. Akachungulia mtungi. Mtungi wa nyumbani ulikuwa umebaki tope. Chakula alichoachiwa alikwisha kula na mtoto asubuhi.

Nyani akakaa. Akanyoosha miguu. Akatazama huku, akatazama huku. Macho yakaenda pembeni, ndani kabisa, yakatulia.

"Vile si vibuyu vile?"

"Ni vibuyu, Mzee Nyani. Lakini vile ni vya mke wangu. Ni maji ya siku mbaya."

Nyani akawageukia wazee. "Mmesikia? Tumeletea nyumba hii heri, yeye ana maji ya siku mbaya. Sisi ndio siku mbaya?"

"Hapana, hapana, sikusema hivyo!"

"Au mwanamume ndani ya nyumba yake anaomba ruhusa kugusa kibuyu?"

Wazee wakakohoa. Wakatazama chini. Bwana Pimbi akaona aibu, uso ukamwaka. Na mimi nasema, aibu ile ndiyo iliyomponza, si Nyani. Nyani aliuliza tu. Bwana Pimbi angeweza kusema, "Wazee wangu, nisubirini kidogo, nakwenda kijitoni." Wangenuna, ndiyo. Mtu hafi kwa kununiwa.

Akainuka. Akang'oa nta, pop! Akawaosha miguu. Kibuyu cha kwanza kikaisha. Akang'oa nta ya pili, pop! Wakanywa. Nyani akasema joto limezidi, akajimwagia yaliyobaki shingoni, chwaa, akatikisa manyoya. Wakashusha kikapu. Wakala kunde, wakala mizizi, wakakung'uta vumbi la chini. Ndipo Nyani akajifuta mdomo akasema, "Tumekuja kuposa." Posa ikakubaliwa. Vigelegele. Wakaondoka.

Bwana Pimbi akabaki na vibuyu vitupu mkononi. Akafikiri. Kijito mbali. Jua kali. Mkewe anarudi jioni. Akatoka nje, akarudi na mchanga. Akaumimina ndani ya kibuyu kimoja, akaumimina ndani ya kibuyu cha pili. Akaziba kwa nta ile ile. Kikapu akakijaza mawe madogo, juu akatandaza majani makavu. Akatundika kila kitu mahali pake.

"Baba," Chausiku akasema, "mchanga wa nini?"

"Wa kushikilia tu, mwanangu. Kesho nitatia maji."

"Nimwambie mama?"

"Usimwambie. Mtoto mzuri hasemi mambo ya baba yake."

Chausiku akataka kuwa mtoto mzuri. Hakusema.

Bi Pimbi aliporudi akaambiwa habari za posa. Akafurahi, kisha akauliza, "Uliwakirimu nini?"

"Aa, walikwisha kula njiani. Maji nilichota mapema."

Bi Pimbi akaenda pembeni. Akagusa kibuyu. Kizito. Akagusa cha pili. Kizito. Akaridhika, maskini.

Kesho ikafika. Bwana Pimbi akasema jua kali, kesho. Kesho ikafika. Ngiri akamwita wakacheze bao, akasema kesho. Kesho ikafika, akasema kesho. Mwezi ukaandama, Bi Pimbi akachukua kamba aende kijitoni kubadilisha maji. Bwana Pimbi akamwahi mlangoni.

"Pumzika, mke wangu. Umechoka kuuguza. Jana nilikwenda mimi, nikamwaga, nikatia mapya."

"Wewe?"

"Mimi."

Bi Pimbi akamtazama, macho yakamlengalenga. Miaka yote alikuwa akienda peke yake, na mumewe akimwita mwoga. "Ahsante, baba Chausiku," akasema. "Mungu akuweke." Naye akaipokea ile ahsante, hakutema.

Ikaja siku yenyewe. Mchana kweupe, upepo unavuma. Kwanza harufu. Kisha sauti, tatatata, tatatata, vuuuu! Nyika inawaka. Kanga akapiga kelele, akaruka. Waliojua kuruka wakaruka naye. Vifaranga wake wa juzi hawakujua kuruka.

"Ndani!" Bi Pimbi akaita. "Ndani wote!" Wakaingia ufani, wakaziba mlango kwa mawe. Moto ukapita. Ukapanda, ukashuka, ukaenda zake. Lakini magogo makubwa yaliyokuwa chini ya jabali yakashika, yakabaki yakifuka moshi mzito, na ardhi kutoka hapo mpaka kijitoni ikawa makaa matupu. Kutoka kukawa hakuwezekani. Chausiku akaanza kukohoa.

"Usiogope, mwanangu," Bi Pimbi akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Mama aliweka. Tutalowesha vitambaa, tutafunga pua, utakunywa, utalala. Tutangoja makaa yapoe."

Akashusha kibuyu.

"Mama," Chausiku akasema, "hicho hakina maji."

"Umejuaje?"

Mtoto akamtazama baba yake. Akafunga mdomo.

Bi Pimbi akang'oa nta. Akainamisha kibuyu juu ya kitambaa. Shwaaa. Mchanga. Akashusha cha pili. Akang'oa. Shwaaa. Mchanga. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa jiwe. Akaingiza tena, akatoa jiwe.

Hakupiga kelele. Binti mkubwa ndiye aliyelia. Bi Pimbi alimgeukia mumewe, akasema polepole, "Niliposema nakwenda kijitoni, kwa nini ulinizuia?"

Bwana Pimbi akainama, akaanza kuukusanya mchanga kwa viganja. Mngekuwa ninyi, mngejibu nini?

"Usimgombeze baba," Chausiku akasema, huku akikohoa. "Tulikuwa na wageni."

Wakakaa. Moshi ukaingia. Wakajifunga vitambaa vikavu, havikusaidia kitu. Jua likatua, likachomoza, makaa bado mekundu. Chausiku akaomba maji. Mama akamwambia subiri. Akaomba tena. Mama akamwambia subiri, mwanangu, subiri. Kisha Bi Pimbi akafanya jambo ambalo alikuwa ameapa hatalifanya maishani. Akambeba mtoto mpaka nyuma ya pango, akatafuta jiwe lenye ubaridi, akamwambia, "Lamba." Jiwe lilikuwa kavu.

Hapo Bwana Pimbi akashindwa kuvumilia. Akakung'uta mchanga, akachukua kibuyu, akasukuma mawe ya mlango, akatoka. Akakanyaga makaa. Sss! Akalia, akaenda. Sss! Akalia, akaenda. Ngozi ya nyayo ikabaki njiani. Akafika kijitoni, akajaza, akarudi juu ya makaa yale yale, hakumwaga hata tone. Hilo nampa. Ushujaa alikuwa nao. Aliukosa siku ile ya Nyani, ulipohitajika mdogo tu.

Akaingia. "Maji! Nimeleta maji!"

Mkewe amekaa chini, mtoto mapajani. Hakuinua uso.

"Weka hapo," akasema. "Tutamwoshea."

Maji yale yakamwosha Chausiku. Maji masafi, ya kutosha.

Makaa yalipopoa wakazika, na watu wakaja matanga. Kanga alikuja, naye ana yake ya kulia, hakuimba. Nyani alikuja pia, akakaa mbele, akatikisa kichwa.

"Ni mapenzi ya Mungu," Nyani akasema. "Tufanyeje?"

"Moto ni wa Mungu," Bi Pimbi akasema. "Mchanga ni wa mume wangu. Na maji uliyojimwagia shingoni, Nyani, ni ya mwanangu. Mungu msimtwishe yote."

Nyani akanyanyuka kabla chakula hakijaletwa, na hilo halijawahi kuonekana.

Mwezi ule nyika nzima waliweka maji. Kila tundu na kibuyu, kila mti na kikapu. Wakaja kwa Bi Pimbi kuuliza nta inapatikana wapi, majani ya kuungua ni yapi. Akawaonyesha. Kisha mvua ikanyesha, nyasi zikaota, watoto wengine wakazaliwa. Vibuyu vikatumika kuwekea pombe ya harusi. Ndivyo tulivyo.

Bwana Pimbi yeye alipona kwa shida, akitembea kwa magoti. Na kila kukicha anakwenda kijitoni hivyo hivyo, kwa magoti, anachota, anarudi. Anachota, anarudi. Nyumba imejaa vibuyu mpaka mlangoni, vyote maji. Bi Pimbi anaviruka akipita. Hajapata kunywa hata kimoja.

Funzo langu silifichi. Weka maji nyumbani, na uyabadilishe. Weka chakula kisichooza, weka dawa, weka taa, pahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Ukilazimika kugusa, gusa, lakini sema siku hiyo hiyo. Kibuyu kinachojulikana ni kitupu kinajazwa. Kitupu kinachodhaniwa kimejaa kinaua. Na mtoto msimfundishe kunyamaza mambo ya hatari eti ndiyo adabu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kulia alie, na mwenye mtungi nyumbani akaufunue atazame ndani, sasa hivi, kabla hajalala.