Bi Pelele Adai Nauli Yake

— Ngano yaja.
— Na ije, tumekaa.
— Yaja miguu mitupu.
— Ipisheni njia isichomwe na miiba.

Basi sikilizeni. Hii ni habari ya siku zile ambapo wanyama walikuwa wakilipa kwanza na kuuliza baadaye.

Palikuwa na Kiboko. Mkubwa, mnene, mdomo kama mlango wa ghala. Alikaa ziwani, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wanyama wa nchi kavu juu ya maji. Alikuwa na chelezo kipana cha mafunjo. Abiria walipanda chelezoni, naye akajifunga kamba shingoni, akavuta. Siku saba kulizunguka ziwa, kula humo, kulala humo, kuota jua humo. Nauli matikiti kumi kwa kila mnyama, na yalipwe mwezi mzima kabla ya safari.

Karani wake alikuwa Korongo. Korongo alisimama gatini kwa mguu mmoja akiwasomea wateja masharti.

"Sharti la kwanza: abiria akiahirisha, nauli imeliwa. Sharti la pili: nahodha akimkataa abiria, atamrudishia nauli mara mbili. Utaratibu ni utaratibu."

Sharti la kwanza lilitumika kila safari. La pili halikuwahi kutumika hata siku moja. Kiboko aliliweka kwa sababu lilisikika vizuri masikioni mwa wateja.

Juu ya ziwa, kwenye mawe, aliishi Bi Pelele, mjane mwenye watoto wanne. Mnyama mdogo, wengine humwita pimbi, manyoya ya kijivu, mkia hana. Tangu azaliwe alikuwa akiliona ziwa kutoka juu tu, na alitamani kuligusa. Akalima matikiti msimu mzima. Yalipoiva akayabiringisha hadi gatini, moja moja, akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, mara kumi. Kiboko akala la kwanza mbele yake. Kacha, kacha, pu, akatema mbegu. Mengine yakaenda ghalani kwenye matete.

Asubuhi ya safari ikafika. Bi Pelele amekwisha chana manyoya, amekwisha wausia watoto, mara akasikia kishindo nje. Kitinda mimba wake ameteleza juu ya jiwe, mguu umevunjika. Mama akaufunga kwa magome, akamlaza. Mtoto akawa analia taratibu, na kila mama alipofika mlangoni akawa analia kwa nguvu. Ndani hapakuwa na chakula cha kumtuliza. Mazao yote ya shamba yalikuwa yamekwenda kwenye nauli.

Bi Pelele akawaacha watoto wakubwa wamwangalie mdogo wao, akashuka mbio hadi gatini.

"Karani, sitasafiri. Mwanangu amevunjika mguu. Naomba matikiti yangu."

Korongo akamtazama kwa jicho moja. "Pole sana, mama. Amevunjika lini?"

"Asubuhi hii."

"Asubuhi hii ni kuchelewa. Angevunjika mwezi uliopita, ungepata nusu."

"Mwezi uliopita alikuwa mzima."

"Ndiyo maana nakupa pole. Utaratibu ni utaratibu."

Kiboko akatoa kichwa majini, pwaa. "Nini tena hapo?"

"Nahodha, nimepata matatizo nyumbani," akasema Bi Pelele. "Hata nusu nitashukuru. Hata matatu."

"Nauli ikishaliwa imeliwa."

"Umekula moja tu. Tisa yapo ghalani, nayaona kutoka hapa."

"Yapo, lakini yameliwa," akasema Kiboko. "Ila mimi nina huruma. Mlete huyo mtoto tumtembeze, maji yanatibu. Naye atalipa kumi. Au njoo mwakani, kwa kuongeza matano ya kubadilisha tarehe."

Abiria wengine watatu walikuwa wamesimama hapo na mizigo yao. Mzee Kobe, Kima, na Bi Kanga. Wakatazama chini. Kila mmoja alikuwa anaiwazia nauli yake mwenyewe.

Bi Pelele akaondoka. Akapanda kilima, akifuta machozi. Nusu ya njia machozi yakakauka, ikaja hasira. Karibu na nyumbani hasira ikapoa, na hapo ndipo akaanza kufikiri. Akachota udongo mwekundu, akaukoroga kwa mate. Akaokota kijiti. Akajitia doa shavuni, doa tumboni, doa mgongoni, doa, doa, doa, mpaka mwili wote ukawa mwekundu kama umeiva. Akashuka tena.

Gatini abiria walikuwa wameshakaa chelezoni. Bi Pelele akaruka ndani, akakaa mbele kabisa, karibu na kamba ya Kiboko. Akajikuna. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nimebadili mawazo," akasema. "Nauli yangu imeliwa, bora nisafiri."

Kima akasogea. "Shangazi, una nini?"

"Vipele tu. Vinapita. Bibi yangu alikuwa navyo, akapona vizuri. Aliondokewa na mkia tu."

"Mkia?"

"Mwanangu, hujajiuliza kwa nini sisi akina Pelele hatuna mikia? Zamani tulikuwa nayo, mirefu kuliko wako."

Kima akauchukua mkia wake, akaukumbatia kama mtoto mchanga. Bi Kanga naye akajitazama ubavuni, akaona madoa aliyozaliwa nayo, akasema kwa sauti ndogo kwamba anajisikia vibaya. "Sisafiri na huyu," akasema Kima. "Nashuka."

Kiboko akacheka mpaka chelezo kikayumba. "Shukeni wote. Nauli imeliwa, nami nitavuta chelezo chepesi."

"Nahodha anasema kweli," akasema Bi Pelele. Kwaru, kwaru. "Hawana haja ya kuogopa. Vipele hivi havipendi mwenye manyoya wala mwenye gamba. Vinapenda ngozi tupu. Vikipata ngozi tupu, vinahamia huko jioni hiyo hiyo."

Kicheko cha Kiboko kikakatika. Akajitazama bega la kulia. Tupu. Akajitazama bega la kushoto. Tupu. Akafikiria mkia wake mfupi, ambao ndio alioutumia kurusha mavi kila asubuhi ili viboko wenzake wajue mkubwa ni nani. Bila mkia ule, yeye alikuwa nyama nyingi tu ndani ya maji.

"Wewe mama, shuka."

"Nimelipa, nahodha. Na sijakupa hata mkono." Bi Pelele akanyoosha mkono wenye madoa, ukifuata kamba.

Kiboko akarudi nyuma, chubwi. "Nimesema shuka."

"Nashuka mwenyewe au unanishusha? Maana nikishuka mwenyewe, nimeahirisha."

"Shuka vyovyote utakavyo."

"Hapana, tuelewane." Mkono ukasogea tena. Kwaru, kwaru. "Ni mimi ninayekataa, au ni wewe unayenikataa?"

"Ni mimi. Nakukataa. Hukanyagi chelezo changu."

Kisha Korongo, aliyezoea kusoma masharti kila mtu anapomaliza kusema, akafungua mdomo kabla hajafikiri.

"Sharti la pili: nahodha akimkataa abiria, atamrudishia nauli mara mbili. Utaratibu ni utaratibu."

Kiboko akamtazama karani wake kwa macho ya kuua. Korongo akabadilisha mguu.

"Sawa," akasema Kiboko. Akang'oa jani la yungiyungi, akalitupa gatini. "Chukua jani hilo. Mwakani njoo nalo, utasafiri bure."

"Ahsante," akasema Bi Pelele, akalala chali chelezoni. "Basi nitasubiri nalo hapa hapa mpaka mwakani. Mtanisamehe nikijikuna usiku."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kiboko akafungua ghala. Matikiti ishirini yakatolewa, moja moja. Na kwa kuwa mgonjwa hawezi kubeba, na wengine hawakuthubutu kumkaribia, kazi ikamwangukia Korongo. Akayasukuma kwa mdomo kupanda kilima, biringi, biringi. Kila likimponyoka linarudi chini mpaka ziwani, naye analifuata, na Bi Pelele juu ya jiwe karibu na gati anamwambia taratibu, "Karani, utaratibu."

Jua lilipokuwa kali, jasho likamtoka Bi Pelele na madoa yakaanza kuchuruzika. Mzee Kobe, aliyekaa pembeni ya chelezo, aliyaona yakichuruzika. Aliinama tu, akachota udongo wa gatini kidogo, akauweka chini ya gamba.

Safari ikaanza. Siku ya kwanza ikapita salama. Siku ya pili, asubuhi, Kiboko akasikia nyuma yake, kwaru, kwaru. Akageuka. Mzee Kobe alikuwa anajikuna gamba kwa kucha, shingo imejaa madoa. Jinsi kobe anavyowashwa na gamba, hakuna aliyeuliza. Adhuhuri akaanza Kima. Alasiri Bi Kanga, ambaye hakuhitaji hata udongo. Jioni Kiboko aliwakataa wote watatu kwa kinywa chake, na ghala likabaki na harufu tu.

Tangu hapo Kiboko anashinda majini mchana kutwa, amejizamisha mpaka puani. Akitoka, kwanza anautafuta mkia wake.

Kule kwenye mawe, mtoto alikula tikiti kubwa la kwanza amelala, la pili amekaa, na mguu ulipounga alikuwa mnene mpaka mama yake akashindwa kumbeba. Ziwa Bi Pelele hakuligusa. Aliendelea kulitazama kutoka juu, na akaliona linatosha.

Fundisho la ngano hii, watoto, ni kwamba uongo haufai. Bi Pelele aliposema kweli hakupata hata mbegu. Aliposema uongo akapata matikiti ishirini na mtu wa kumsukumia. Kwa hiyo semeni kweli siku zote, lipeni mapema, na waaminini sana wenye vyombo, maana masharti yao wameyaandika kwa faida yenu.

— Ngano imefunga kamba.
— Imefika salama?
— Imefika. Iliyempendeza aende nayo, isiyempendeza aniachie, ila asinidai kitu, maana hakunilipa.