Vikombe vya Jumatatu

“Kikao cha siri huacha vikombe.” Mmeisikia sokoni, wanangu, mkacheka. Aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa anacheka. Kaeni niwaeleze ilivyotokea.

Bi Mwajabu alikuwa mpika chai katika kinu cha unga cha Bwana Kihiyo. Mwaka ule bei ya sembe ilipanda siku ileile katika vinu vyote vinne vya mji wetu. Wenye vinu waliapa kwamba hawajawahi hata kuketi pamoja.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, maafisa wa ushindani wa biashara, wanaowasaka wanaopatana bei kwa siri, waliingia na hati ya mahakama.

“Mtu asiguse simu wala karatasi,” alisema mkuu wao, Bi Ndelwa.

Walifungua makabati, wakachukua kompyuta. Makarani walisimama ukutani kama waliokufa. Bwana Kihiyo akapenya hadi jikoni, jasho likimtiririka.

“Mwajabu, ile karatasi yako. Itoe, ama sote tumekwisha.”

Ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Bi Mwajabu aliiandika baada ya kumtilia sukari mgeni mwenye kisukari. Aliing’oa, akaificha kifuani.

Bi Ndelwa aliingia, akafungua kabati lile. Pembe nne za karatasi zilikuwa bado zimeshikwa na gundi.

“Hapa palikuwa na nini?”

“Zamu za usafi,” Bwana Kihiyo alijibu upesi.

“Nimemuuliza mama.”

Bi Mwajabu alimtazama bosi wake, na macho ya bosi yakamtisha. Akamkumbuka dada yake, aliyekuwa akiwapikia watoto uji mwepesi kama maji. Polepole akaingiza mkono kifuani.

Bi Ndelwa akasoma kwa sauti: “Kila Jumatatu, vikombe vinne. Bosi, chai ya rangi. Wa kinu cha Mlimani, bila sukari. Wa Mtoni, tangawizi. Wa Stesheni, maziwa mengi.”

Akaitia karatasi katika bahasha ya ushahidi.

Siku hiyohiyo Bi Mwajabu alifukuzwa kazi. Mwezi mzima alilala ameegemeza kinu cha kutwangia mlangoni, akishtuka kila mbwa alipobweka. Hata hivyo, shauri lilipoanza, alikwenda. Wakili wa wenye vinu alimdhihaki: “Wewe mpika chai, kikao cha siri ulikijuaje?”

Bi Mwajabu alijibu:

“Sikujua walichosema, bwana. Mimi niliosha tu. Kikao cha siri huacha vikombe.”