Ajira Moja kwa Walioifufua Seva

Sogeeni mnisikilize, maana hii imenikaa kooni.

Chuo cha uuguzi cha Mkalanga kilikuwa na kompyuta kuukuu, seva iliyobeba barua pepe zote za chuo. Mfumo wake, hata waliouunda walishautelekeza. Vibarua watatu ndio walioiweka hai. Chambo alijua vyuma na spea. Mwajabu alijua jinsi seva zinavyopokeana barua na kukataliana. Sikudhani aliujua mfumo wenyewe, ule wa kuandika amri kwenye kioo cheusi. Aliingia kibarua akiwa mjamzito. Sasa mwanawe yuko shule, naye bado kibarua.

Siku moja wakaja wageni. Katibu muhtasi akaona kompyuta ile inatia aibu, akaifunika gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni. Joto likakosa pa kutokea, ikazima. Na ndani yake mlikuwa na majina ya watahiniwa, yaliyotakiwa kufika baraza la mitihani siku hiyohiyo, tena kutoka anwani ya chuo tu. Yasipofika, hakuna mtihani.

Chambo akachomoa feni iliyoungua, akatia ya kompyuta nyingine mbovu. Ikawaka.

Ikawaka, lakini mfumo ukagoma. Sikudhani akarekebisha mafaili yaliyovurugika, amri baada ya amri, mpaka barua yenye majina ikaonekana.

Ikaonekana, lakini seva ya baraza ikaikataa, eti usalama wake wa kizamani. Mwajabu akaweka kompyuta yake ndogo katikati, ipokee kizamani, itume kisasa. Majina yakafika.

Mkuu wa chuo akawaita. "Hongereni. Ajira ya kudumu ni moja. Wawili mwisho wenu leo."

Sikudhani damu ikamchemka. "Moja? Mkuu, tumeomba kompyuta mpya mpaka tumechoka, leo unatugombanisha?"

"Punguza jazba, mama. Chagueni wenyewe. Mkishindwa, nampa mpwa wangu."

Mpwa mwenyewe hajui hata kuiwasha!

Wakatoka nje. "Bila mimi mngeandika amri kwenye bati," akasema Chambo.

"Na bila mimi barua ingekuwa bado imelala humo," akajibu Mwajabu.

Sikudhani naye alikuwa na lake mdomoni. Akachukia kwamba analo.

Mkuu akafungua mlango. "Haya, nani?"

Nawauliza nyinyi: mngemtaja nani? Semeni upesi, mpwa keshafika na begi lake.